Pimbi Alivyonunua Bao kwa Mkia

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa bao!"

"Na kete zake!"

Haya, sogeeni. Na wewe unayesinzia pale, sinzia kimya.

Hapo zamani za kale, wanyama wote walipenda bao. Wakishalima, wakishakula, kazi ni bao. Fundi wa kuchonga mabao alikuwa mmoja tu, Nguchiro. Na mchezaji hodari alikuwa Pimbi. Wakati huo Pimbi alikuwa na mkia, tena mrefu, wa manyoya, akipita anaupepea huyo! Aliupenda mkia wake kuliko ndugu zake.

Mwaka wa kwanza Nguchiro aliuza bao kwa pishi moja ya mtama. Wakanunua, wakacheza.

Mwaka wa pili akaja na bao jipya, anataka pishi tatu.

"Kwa nini?" akauliza Pimbi.

"Mvua ilizidi," akajibu Nguchiro.

Pimbi akaligeuza lile bao juu chini. Mashimo ni yale yale. Akatazama mbingu, akatazama bao. Hakuelewa. Akalipa.

Mwaka wa tatu, pishi tisa, na kete zinauzwa kando.

"Kwa nini, mzee?"

"Mvua ilikuwa haba."

"Lakini mwaka jana ulisema ilizidi!"

"Ndiyo. Na sasa imepungua."

Lo! Mvua ikizidi, bei juu. Mvua ikipungua, bei juu. Msinitazame mimi, hata mimi sijaelewa mpaka leo.

Bi Kanga, mama wa vifaranga wengi, akapandwa na hasira. Akawaita wanyama wote. "Jamani, mtama tumpe Nguchiro, wanetu wale kete? Mwaka huu hatununui!"

"Hatununui!" wakaitika wote. Na aliyepiga kelele kuliko wote ni nani? Pimbi! Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Lakini moyo haukumtulia. Bao jipya lipo, na yeye hana. Alfajiri akanyata mpaka kwa Nguchiro.

"Nataka bao. Lakini mtama sina."

Nguchiro akamtazama mbele, akamtazama nyuma. "Mkia unao."

"Mkia? Kwa nini mkia?"

"Wenzako wamegoma. Hasara yangu ailipe nani?"

Pimbi kichwa kikamzunguka. Wagome wao, alipe yeye? Akaushika mkia wake, akaliangalia bao. Akaushika mkia, akaliangalia bao. Mwisho akageuka, akafumba macho. Kacha! Nguchiro akautwaa mkia, akaufanya mgwisho wa kufukuzia inzi.

Pimbi akalibeba bao mbio mpaka kwa wenzake. Akawakuta wameinama, wanacheka, wanacheza bao! Wamelipata wapi? Vifaranga walikuwa wanalilia mchezo, na Bi Kanga kwa hasira zake akaanza kuchakura ardhi, kwara, kwara, kwara. Kutazama, mashimo hayo! Wakaokota mbegu za komwe, wakazifanya kete, wakacheza. Mtama wao uko nyumbani.

"Njooni tucheze kwenye langu," akasema Pimbi.

Bi Kanga akamzunguka nyuma. "Pimbi baba, mkia uko wapi?"

Pimbi akajipapasa. Inzi wakatua mgongoni mwake, hana cha kuwafukuzia. Akarudi kwa Nguchiro anahema, akamkuta peke yake katikati ya mabao yake, anajipepea.

"Nirudishie mkia wangu! Chukua bao lako!"

"Mkia sasa una bei," akasema Nguchiro. "Na bei imepanda."

"Kwa nini?"

"Mvua."

Ndiyo maana mpaka leo Pimbi hana mkia. Anakaa kwenye majabali kwa aibu, na ukimsikia anavyolia, anauliza, "Kwa nini? Kwa nini?" Hakuna anayemjibu.

Basi jifunzeni. Bei hutajwa na muuzaji, lakini mkono wa kulipa ni wako. Pimbi aliuliza vizuri sana, ila aliuliza huku analipa. Na ukiwaambia wenzako hununui, usinunue.

Kete yangu imelala hapa, hadithi imekwisha. Ikiwapendeza, ni yenu. Ikiwachosha, nirudishieni, sitawatoza kitu.