Bingwa wa Maswali na Mpita Njia

Isome mpaka mwisho kabla hujamtumia mwenzako. Inawahusu wote wenye ndugu.

Katika mji mmoja mdogo ulio chini ya milima aliishi mwalimu mstaafu aliyeitwa Hezroni. Alikuwa amefundisha jiografia maisha yake yote, na kila aliyemfahamu alimtaja kwa jambo moja: hakuacha kosa lipite. Mchungaji akikosea mwaka katika mahubiri, Hezroni alimngoja mlangoni. Mgeni akilitaja vibaya jina la mto, chai ilipoa mezani mpaka mto ule upate jina lake.

"Mimi sigombani na mtu," alizoea kusema. "Nagombana na kosa."

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Yusto, aliyekuwa bwana misitu katika wilaya ya mbali. Utotoni walichunga mbuzi pamoja, na mchezo wao kule malishoni ulikuwa kuulizana miji mikuu ya nchi za dunia. Aliyeshindwa ndiye aliyekwenda kuwarudisha mbuzi waliotoroka. Mara nyingi alikwenda Yusto.

Siku waliyomzika mama yao, Yusto alisimama kando ya kaburi kusoma wasifu wa marehemu. Alikuwa akilia. Machozi yakamchanganya, akataja vibaya mwaka wa ndoa ya wazazi, kisha akaliruka jina la shangazi yao. Hezroni akasogea, akakichukua kipaza sauti mkononi mwa mdogo wake, akawaambia waombolezaji, "Samahani jamani. Haya yana makosa. Nitasoma mwenyewe."

Yusto akawapenya waombolezaji. Alishuka kilima kabla udongo haujarudishwa, akapanda gari la kwanza lililopita, na matanga yakaanuliwa bila yeye.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Miaka ya mwanzo Yusto alikuwa akipiga simu. Hezroni aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza yenyewe. Mkewe, Foibe, alimsihi sana.

"Baba Nakijwa, mmelala tumbo moja na huyo."

"Alimwacha mama yake kaburini. Aanze kwa kuomba radhi."

"Ataombaje, nawe hupokei simu?"

Hezroni alichukua gazeti lake akaenda kukaa nje. Simu zenyewe baadaye zikakoma.

Alipostaafu, nyumba ilimwelemea kwa ukimya. Hakukuwa tena na wa kumsahihisha ila Foibe, na Foibe alikwisha kujifunza kutosema mengi. Ndipo binti yao, Nakijwa, akamwingiza katika kundi la mtandaoni lililoitwa Kisima cha Maarifa. Humo watu wa mikoa mbalimbali walishindana kila jioni kujibu maswali ya ujuzi wa jumla. Msimamizi alituma swali, na wa kwanza kuleta jibu sahihi alichukua pointi. Muda ulikuwa mfupi, mtu hakupata nafasi ya kwenda kutafuta jibu kwingine. Wengi walicheza kwa majina ya kujibandika. Hezroni alicheza kwa jina lake kamili, na picha yake akiwa amevaa tai.

Haukupita muda akawa anatajwa. Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika, mnyama asiye na kifuko cha nyongo, mfupa mdogo kuliko yote mwilini: jibu lake lilitangulia wengine wakiwa bado wanasoma swali. Wakambatiza Profesa. Akaanza kuvaa shati safi jioni kabla ya kushika simu, ijapokuwa hakuna aliyemwona.

Kisha akaingia mtu aliyejiita Mpita Njia.

Huyu alijua. Hezroni aliliona hilo mara moja, kama mchezaji wa bao anavyomtambua mwenziwe kwa namna anavyozishika kete. Wakawa wanapokezana ushindi jioni hadi jioni, na wengine wakabaki watazamaji. Baada ya mchezo, Mpita Njia alimwandikia pembeni, wawili tu.

"Mwalimu, leo umenishika kwenye mito."

"Mito inataka mtu aliyetembea," Hezroni alimjibu, akicheka peke yake sebuleni.

"Umekula lakini?"

"Bado. Mke wangu anapika makande."

"Makande yasikose magadi kidogo. Yataiva upesi."

Foibe alimwona mumewe akichangamka kama zamani. "Huyo rafiki yako ni nani?" aliuliza.

"Simjui. Ila ni mtu mwenye akili, na ana adabu. Kama ningekuwa na ndugu wa namna hii, nisingelalamika."

Ikafika wiki ya fainali, na waliobaki walikuwa hao wawili. Mshindi angepewa kombe na picha yake ingesambazwa kila mahali. Siku moja kabla, Mpita Njia akaandika pembeni:

"Mwalimu, naomba tuongee kwa simu kidogo. Si mambo ya mashindano. Ni haja yangu binafsi."

Hezroni aliyasoma maneno hayo mara mbili. Akahisi mtego. Huenda mtu huyu alitaka kumtoa katika utulivu wake, au kumwomba amwachie. Akajibu, "Baada ya fainali, ndugu yangu. Sasa hivi sisi ni wapinzani."

"Sawa," Mpita Njia akaandika. "Nitajitahidi kungoja."

Jioni ya fainali kundi lilijaa. Mpita Njia hakuwa yule wa siku zote. Majibu yake yalichelewa, maneno mengine yalikuja yamekatika. Hata hivyo hakuachwa mbali, na mwishoni wakawa sawa kwa pointi. Msimamizi akatuma swali la kuamua: mji mkuu wa Mongolia.

Jibu la Mpita Njia likatangulia. Lilikuwa limeandikwa hivi: "Ulambata."

La Hezroni likafuata: "Ulaanbaatar."

Msimamizi akaandika kwamba jibu la kwanza limeeleweka na kwamba ushindi ni wa Mpita Njia. Watu wakaanza kumpongeza. Hezroni akahisi damu ikimpanda kichwani. Vidole vikatangulia.

"Napinga. Hakuna mji duniani unaoitwa Ulambata. Kama tunapokea kila kinachofanana na jibu, basi hiki si kisima cha maarifa, ni dimbwi. Mwenzetu arudi shule akajifunze kuandika."

Kundi likapoa. Baada ya kitambo msimamizi akatengua uamuzi wake. Ushindi ukahamishiwa kwa Mwalimu Hezroni.

Mpita Njia alichelewa kuandika. Kisha maneno yake yakaja: "Hongera, Mwalimu. Wewe ndiye ujuaye siku zote." Baada ya hapo akajitoa katika kundi.

Hezroni alisubiri simu yake, maana alikuwa ameahidi kuzungumza naye. Haikuja. Akaona ni hasira ya aliyeshindwa, na hakupiga.

Picha yake ilikuwa bado inazunguka katika simu za watu, pongezi zikimiminika, Foibe alipotoka chumbani na kuketi mbele yake. Alikuwa amepigiwa na jamaa wa kijijini. Yusto amefariki. Figo zilikuwa zimemshinda, na alikuwa amelazwa muda mrefu.

"Mbona hatukuambiwa?" Hezroni aliuliza.

"Nani angetuambia, Baba Nakijwa? Sisi tulikuwa tunaongea na nani kule?"

Walisafiri kwenda kumzika. Hezroni alisimama nyuma ya watu. Walimpisha kama mgeni, wengine wakaulizana kwa sauti ya chini huyu ni nani. Mazishi yalipokwisha, Damari, mjane wa Yusto, alimwita kando kwenye veranda. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kulia kabla ya wengine.

"Karibu, shemeji. Hongera kwa kombe."

Hezroni akashtuka. "Umejuaje habari za kombe?"

"Nilikuwepo. Mpita Njia alikuwa mume wangu."

"Yusto?" Hezroni akauliza.

"Alisikia kwa watu kwamba unacheza humo," Damari akaendelea. "Akaniomba nimtafutie laini mpya, maana ile ya zamani ulikuwa hupokei. Nikamwambia, unaumwa, maswali ya nini? Akasema, hapo ndipo mahali pekee ambapo kaka yangu hunijibu."

"Lile swali la mwisho," Hezroni akaanza kusema.

"Siku ile mikono yake ilikuwa imevimba, haishiki kitu. Yeye alitamka, mimi nikaandika. Alilitamka vizuri. Mimi, shemeji, sijui huko Mongolia ni wapi. Niliandika nilivyosikia. Uliponiambia nirudi shule, nilitaka kukujibu. Akanizuia. Akaniambia, mwache, ndivyo alivyo, mwandikie hongera."

Watoto walikuwa wakikusanya viti uani.

"Siku ile kabla ya fainali," Hezroni akasema, "aliomba tuongee. Alitaka kuniambia nini?"

"Sijui."

"Hakukuambia hata kidogo?"

"Nilimuuliza. Akasema, hayo ni ya kaka yangu, nitamwambia mwenyewe." Damari akainuka, kwa sababu wageni waliokuwa wakiaga walikuwa wakimtafuta. "Nisamehe, shemeji. Wewe ndiye wa kujua mambo. Hilo sina jibu lake."

Akaingia ndani. Hezroni alibaki pale verandani mpaka Foibe alipokuja kumwambia kwamba gari linaondoka.

Funzo: Aliyekosea jibu anaweza kusahihishwa kesho, lakini ndugu uliyemfungia masikio hukupa kesho moja tu, nawe hujui ni ipi. Mpokee anapopiga, hata kama wewe ndiye mwenye haki.