Jiko la Somoe Kibarazani

Mwaka nguruwe mwitu walipoivamia mihogo ya kijiji cha Namichenga, magobori yalining'inia ukutani bila kazi. Bwana Liyumba, mwenye duka pekee, alikuwa ameficha baruti yote stooni, pamoja na viberiti vyote. Kila mteja aliambiwa, "Imekwisha. Labda nikutafutie kidogo, kwa bei mara kumi."

Somoe, muuza vitumbua, hakubishana. "Basi nipangishe kibaraza cha duka," alisema. Liyumba akapokea kodi mbele ya watu, meno yote nje.

Asubuhi akamkuta ameweka jiko la mkaa ubavuni mwa stoo, kikaango juu yake, anapepea kwa nguvu.

"Ondoa moto, mama! Utatulipua!"

"Nilipue nini, na baruti imekwisha?" Somoe akazidi kupepea. "Na kodi umekula."

Jasho likamtiririka Liyumba. Akafungua stoo, akawaita wenye magobori, akawauzia baruti kwa bei ya zamani mpaka kopo la mwisho.

Ndipo Somoe akainua kikaango. Mkaa ulikuwa mweusi, wa baridi.

"Kumbe hukuwasha!"

"Ningewasha kwa nini, Bwana Liyumba? Viberiti vyote si unavyo wewe?"