Chujio Lililokula Jina la Mbwa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa bonde, bondeni kelele!
— Kelele za nani?
— Nyamazeni basi, niwaambie.

Hapo zamani za kale, zamani za juzijuzi, wanyama wa Bonde la Mikwaju walikuwa na simu. Msiniulize walichajia wapi. Kila mnyama alikuwa na yake, na wote walikuwa kwenye kundi moja la kupiga soga, jina lake Sauti ya Bonde.

Msimamizi wa kundi alikuwa Bibi Kanga. Kila ujumbe aliusoma. Nyani akimwita Ngiri mwizi wa mihogo, Kanga alicheka tu, maana hao walikuwa watani tangu enzi za babu zao. Lakini Nyani akimwita Kiboko hivyohivyo, Kanga alimpigia simu: "Wewe, ulikusudia nini?" Nyani akianza kuumauma maneno, ujumbe unafutwa, naye anaomba radhi.

Siku moja Kanga alikuwa ameatamia mayai, simu hakuishika. Nyani na Kiboko wakatukanana kutwa nzima, mpaka mama zao wakatajwa. Hapo akaruka Sungura. Mnamjua Sungura, hakuna jambo atakalokiri halijui.

"Bibi Kanga amechoka, tena ana mayai," akasema. "Nitawawekea chujio. Nitajieni matusi yanayowauma, nitalilisha. Ujumbe wenye tusi hautapita tena."

Wanyama wakashangilia, wakamtajia. Na mtu akitaka kutukana, jamani, husema nini? Mbwa wewe! Nguruwe! Punda! Kuku! Fisi! Sungura akalilisha chujio yote hayo. Jina la sungura halikuwemo. Kanga akaambiwa, "Bibi, pumzika sasa," naye akapumzika.

Kukawa kimya kizuri. Kuku akatangaza kwamba mtoto wa Kuku amepotea, akaambiwa asitukane. Punda akaanza kujiita "yule wa mizigo." Nguruwe akaacha kuandika kabisa.

Sasa, Mbwa alikuwa na binti mmoja, Sikitu, na Sikitu alikuwa anaolewa Jumamosi. Mama yake alikwisha kufariki, kwa hiyo shughuli yote ilikuwa juu ya baba. Mbwa alitaka kitu kimoja tu: nyumba ijae watu, mwanawe asiolewe kama aliyeokotwa njiani.

Akaandika: "Hamjambo nyote. Mimi Mbwa namwoza Sikitu Jumamosi."

Chujio likajibu: "Tusi limezuiwa. Jiheshimu."

Mbwa akasoma mara mbili, akamwendea Sungura mbio. "Bwana Sungura, nimemtukana nani?"

"Jina lako ni tusi."

"Nilipewa na mama yangu!"

"Mama yako hakufikiria mbele. Andika tena, usijitaje."

Mbwa akaandika: "Sikitu anaolewa Jumamosi. Nyote mnaombwa kufika."

"Tusi limezuiwa. Jiheshimu."

Mbwa akakuna kichwa. Labda hakuandika kwa heshima ya kutosha. Akaketi, akatafuta maneno mazuri kuliko yote aliyonayo: "Ndugu zangu, ukumbi utapambwa, nyimbo zitaimbwa, karibuni sana."

Chujio likawaka jekundu. "Matusi mawili kwa mpigo! Umefungiwa mpaka Jumapili." Mbwa akaiweka simu, akatumaini habari itaenea kwa mdomo, na kweli ikaanza kuenea.

Mnanifuata?

— Tunakufuata!

Basi Fisi alikuwa jirani wa Mbwa. Aliona masufuria yanaoshwa, alisikia harufu ya nyama ikikaushwa, na mate yakamjaa. Akawaza, wageni wakija wengi nitapata nini mimi? Akachukua simu, akaandika taratibu, kwa adabu tupu:

"Ndugu zangu wapendwa, salaam. Harusi ya kwa yule bwana mwenye mkia imeahirishwa. Kwa mapenzi tu nawaambia, nyumba ile ina upele, na bibi harusi ndiye aliyeanza kujikuna. Tuwaombee. Amani iwe nanyi."

Chujio likaunusa ujumbe juu, likaunusa chini. Halikuona mbwa wala nguruwe. Likaupitisha, tena likauwekea ua.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ukapambwa, pilau ikaiva, Sikitu akakaa na hina zake. Bwana harusi na wazee wake wakafika, wakaketi, wakatazama viti vitupu. Hakuna aliyekuja. Fisi peke yake ndiye aliyebisha hodi, na sahani kaja nayo kutoka kwake.

"Wenzako wako wapi?" Mbwa akamuuliza.

"Wana shughuli zao, ndugu yangu. Lakini mimi nakupenda. Sufuria ni lipi?"

Sikitu akamwambia baba yake kwa sauti ndogo, "Baba, watu hawatutaki?" Mbwa akaichukua simu yake. Akatoka uani, akakimbia hadi kwa Bibi Kanga, akamkabidhi simu. "Bibi, nisomee. Mimi nimekosa wapi?"

Kanga akasoma. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubawa. "Mnaombwa! Utapambwa! Zitaimbwa! Baba, jina lako limejificha kila mahali. Lile chujio linasikia mbwa akibweka ndani ya kila neno."

Kisha akafungua simu yake mwenyewe, akausoma kwa sauti ujumbe wa Fisi, ambao Mbwa aliyefungiwa hakuwahi kuuona, na kicheko kikakatika.

"Huyo hakutukana, Bibi," akasema Mbwa. "Chujio limempa ua."

"Hakutukana? Amemvua nguo mtoto wako mbele ya bonde zima, halafu akasema amani iwe nanyi!"

Sungura kwa haraka yake alisahau kumwondoa Kanga kwenye usimamizi. Kanga akabofya mara moja, chujio likalala. Akaandika: "Harusi ya kwa Mbwa ipo. Ni leo, ni sasa hivi. Upele ni uongo. Asiyekuja atakuja kwangu kunieleza."

Loo! Vumbi lilitimka bonde zima. Tembo alikuja na kiatu kimoja. Wakamkuta Fisi kwenye sufuria la pili, tumbo limemzidi, hawezi hata kusimama. Kanga akampa simu. "Soma ulichoandika. Msomee Sikitu, ukimtazama usoni."

Fisi akasoma. "Ndugu zangu wapendwa" akaisoma vizuri. Alipofika kwenye kujikuna, akaomba radhi huku analia. Masufuria yote siku ile aliyaosha yeye, na Kiboko akasimama juu yake asirambe hata moja.

Sungura naye akajikokota mbele. "Lakini lilikuwa chujio la kisasa," akasema.

"Libaki kwa matangazo ya dawa za kuotesha nywele," akajibu Kanga. "Wanyama wenzetu niachie mimi ninayewajua. Na nikiatamia mayai, Ngiri atanishikia."

Kisha akapanda juu ya kiti. "Jamani, leo nani anamwoza binti yake?"

"Mbwa!" wakaitikia wote.

"Nani?"

"Mbwa! Mbwa! Mbwa!" Vigelegele vikapasua anga.

Mbwa akaangua kilio. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia jina lake likiitwa na watu wengi kiasi kile bila jiwe kufuata nyuma.

Ngano hii inatufunza, wanangu, kwamba tusi haliko kwenye neno, liko kwenye nia ya msemaji, na nia haijulikani na chujio, inajulikana na mwenye moyo anayekujua. Tena mjihadhari na mtu anayekuchafua kwa adabu.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu tumeila wote, ikiwa imeungua niachieni mimi sufuria.