Petroli Kwenye Gauni la Harusi

Hii kanisimulia mwenyewe aliyeyatenda, na kaniruhusu niisambaze. Isome kwanza wewe, ndipo umrushie mwenzako. Mimi nilipoisikia nilikasirika, kisha nikajikuta namhurumia.

Mzee Mhina wa Korogwe ni karani mstaafu wa shamba la mkonge. Ana gari la zamani la mashindano, jekundu, la viti viwili, aliloachiwa na meneja wake miaka hiyo. Analipenda gari lile, jamani! Mkewe husema lingekuwa na wazazi, mumewe angelitolea mahari.

Gari hilo lilikuwa na fundi mmoja tu, Shemdoe. Mhina na Shemdoe waliingia jando pamoja, wakasoma pamoja, wakazeeka pamoja. Ndugu wa tumbo moja hawapendani vile.

Binti yake Mhina alipopata mchumba, ikaamuliwa atoke nyumbani kwa gari hilo. Siku tatu kabla ya harusi likaanza kunuka petroli. Shemdoe akaja, akafungua kaboreta. Akalitoa boya, akalitikisa sikioni asikie kama limeingia petroli. Halikuingia. Akasafisha sindano, ile inayofunga petroli isizidi ndani, akabadilisha gaskiti iliyochoka. Akawasha, akangoja nusu saa nzima. Pakavu.

"Haya kaka, mwanetu ataondoka kifalme," akasema.

Siku ya harusi, saa nane mchana, tarumbeta zinalia, wakwe kutoka Lushoto wamejipanga na mashati yao meupe. Bibi harusi anataka kupanda gari, mtu akapiga kelele: "Petroli! Petroli inamwagika!" Kaboreta lilikuwa linatapika. Dimbwi limeshafika mlangoni, na pindo la gauni jeupe limeburuzwa humo. Kijana wa upande wa bwana harusi akatupa sigara yake mbali na kukimbia. Bibi harusi akaangua kilio.

Shemdoe alikuwa mgeni mwalikwa, na kanzu yake mpya. Akakunja mikono ya kanzu, akafungua kaboreta pale pale mbele ya watu. Akachungulia ndani kwa muda. Kisha akanyanyuka, akamshika mwenzake mkono.

"Kaka, twende pembeni kidogo. Nina neno."

"Pembeni kuna nini?" Mhina akafoka. "Umeniaibisha hapa, sema hapa hapa!"

"Kaka, tafadhali. Mimi na wewe tu."

"Sema! Nani kaliharibu gari langu?"

Shemdoe akawatazama wale wakwe. Akamtazama mwenzake. Akainamisha kichwa.

"Ni mimi, kaka. Nimekosea. Nisameheni nyote."

Mhina akamwambia maneno ambayo hata mimi ameona haya kunisimulia. La mwisho ndilo alilonitajia: "Usikanyage tena kwangu, wala usinijue." Shemdoe akaondoka kwa miguu na kanzu yake yenye petroli. Korogwe nzima ikavuma kwamba Shemdoe kaishiwa ufundi, karibu awachome watu harusini. Wateja wakamkimbia mmoja mmoja.

Mwaka ukapita, na wa pili. Habari zikaja kwamba Shemdoe amefariki. Mhina akasikia, akakaa kwake. Hakwenda kuzika. Hebu fikiria, watu walioingia jando pamoja!

Miezi minne baadaye akaleta fundi mwingine alifufue gari. Yule fundi akashusha tangi, akacheka.

"Mzee, nani kakuzibia tangi kwa sabuni? Vipande vimeingia ndani. Vinakuja na petroli mpaka kwenye kaboreta, vinakaa chini ya sindano, haifungi. Lazima imwagike. Aliyekutengenezea kaboreta hana kosa hata chembe."

Mhina akakaa chini, kwenye vumbi. Aliyeziba alikuwa yeye mwenyewe. Jioni moja kabla ya harusi aliona tone chini ya tangi, akaona aibu kumsumbua Shemdoe tena. Akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakisukumiza kwenye tundu kama tunavyofanya wote njiani tukikwama. Hakumwambia mtu, na katika zogo la harusi hata hakukumbuka.

Siku ile ile akaenda kwa mjane, Bi Mwanaidi. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi. Kosa lilikuwa langu, na marehemu hakujua."

"Alijua," Bi Mwanaidi akasema.

"Alijua nini?"

"Alijua siku ile ile, shemeji. Alirudi na vipande vya sabuni kwenye leso, akanionyesha. Nikamwuliza, mbona hukuwaambia watu? Akasema, wakwe zake wamesimama pale, nitamvuaje nguo siku ya kumwoza mwanawe?"

Mhina akalia. Akauliza kwa nini basi hakuja baadaye kumweleza.

"Ulimkataza kukanyaga kwako. Akasema, atakuja mwenyewe, hasira zikimwisha nitamwambia tukiwa wawili, tucheke. Hata alipokuwa kitandani, gari likisimama nje aliniambia nichungulie kama ni wewe."

Mhina akaomba aonyeshwe kaburi. Bi Mwanaidi akamwambia, si kwa ubaya, amwulize mtu yeyote pale mtaani, maana wote walikuwepo siku ya kuzika.

Funzo: Rafiki akikuita pembeni, nenda, huenda aibu anayoificha ni yako. Na kama kuna mtu umemnunia, mwendee leo angali anasikia, kwa maana radhi haiombwi kaburini.