Jani Moja la Isale

Hapo zamani, si zamani sana, na wewe uliyeegemea ukuta usinisinzilie, palikuwa na mama huko migombani aitwaye Aikande. Mwanawe wa pekee, Elinami, kijana wa kidato cha pili, alikunywa gongo Jumamosi akitoka masomo ya ziada shuleni. Jumapili akaamka haoni. Daktari akasema macho ndiyo basi.

Tangu hapo Aikande hakutulia. Anafagia ua aliokwisha kuufagia. Anainjika chungu, anakiepua hakijachemka. Akaapa kwamba waliomharibia mwanawe hatawasamehe mpaka anaingia kaburini.

Lakini kwao kuna isale, mmea unaopandwa mipakani mwa shamba. Mkosaji akikuletea jani lake ukalipokea, umesamehe, hakuna kurudi nyuma. Basi asubuhi moja wakaja watu watatu, kila mmoja na jani mkononi.

Wa kwanza Nderiana, mpika gongo. Alikiri kwamba aliitia dawa ili iwahi kukolea, na sare ya shule aliiona akajifanya haoni. Ila yeye, alisema, hakumwita mtoto wa mtu.

Wa pili Tumsifu, rafiki wa Elinami. Ndiye aliyemwita, ndiye aliyemcheka kwamba mwanaume gani anaogopa kikombe. Ila Elinami alipoanguka na wenzao wakatimua mbio, ni yeye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, huku analia.

Wa tatu mzee Kiwia, baba mkwe wake Aikande. Huyo alikuwa akichovya kidole kwenye mbege, pombe ya ndizi, na kumlambisha mjukuu tangu hajaota meno, akijisifu kwamba hili ni dume.

"Kiu niliipanda mimi," mzee akasema. "Ila wewe, mkwe wangu, ulikuwa unacheka."

Kweli Aikande alikuwa akicheka, tena kwa furaha, na sasa ilimuuma mpaka mifupani. Akainuka, akakaa, akainuka tena.

"Moyo wangu una nafasi ya jani moja," akasema mwishowe. "Nikishalipokea, wengine waondoke na yao, na hapa wasikanyage tena."

Neno likishatoka limetoka. Akanyoosha mkono. Ukaenda kwa huyu, ukasita. Ukaenda kwa yule, ukasita.

Mara wakasikia mtu anapapasa ukuta. Ni Elinami, magoti yamejaa udongo, ametoka mpakani peke yake kwa kushikashika miti. Na yeye ana jani.

"Mama, ulinikataza," akasema. "Kikombe nilikishika kwa mkono wangu mwenyewe. Nisamehe na mimi."

Majani manne, mkono mmoja, na neno Aikande amekwisha kulitoa.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu, mkono wa mama bado umenyooshwa. Je, jani la nani lilistahili kupokelewa? Na mama aliyecheka, yeye jani lake ampelekee nani?