Nyani Aliyeona Kila Ndege Kwanza

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa pimbi juu ya jabali!
Akae, tumwone!
Pakawa nyani chini ya jabali!
Akae, tumchoke!

Ilikuwa Ijumaa, tarehe mosi ya mwezi wa nne, saa moja asubuhi, mambo yalipoharibika pale jabalini. Kabla ya saa hiyo Pimbi, Kobe na Digidigi walikuwa na raha yao moja, kutazama ndege. Si wale wa kila siku, bali wageni, wale adimu. Kila asubuhi mwenye habari alisema, "Nimeona!" Wenzake wakajibu, "Tupeleke!" Na desturi ilikuwa hii: aliyeona kwanza hutangulia peke yake, wengine hufuata kwa mbali, polepole, wasimshtue ndege.

Saa hiyo akaja Nyani. Puu! Akaketi katikati.

"Mimi nami nawapenda ndege," akasema.

Na kweli aliwapenda, hasa wakiwa bado mayai.

Kobe akasema, "Nimeona! Korongo mweupe, kule kijitoni."

"Nilimwona mimi kwanza!" akasema Nyani. Akatangulia. Walipofika, kiota kitupu, maganda chini.

"Ameruka," akasema Nyani, akijifuta mdomo.

Kesho yake Digidigi akasema, "Nimeona! Bundi mdogo, kwenye mgunga."

"Nilimwona mimi kwanza!" Akatangulia. Walipofika, kiota kitupu, maganda chini.

"Ameruka."

Pimbi akashika kichwa. "Jamani, Kobe! Kwa nini mnamwambia?"

"Ameuliza kwa adabu, bwana."

"Ana ute wa yai kidevuni!"

"Labda ni mafua," akasema Kobe.

Ya Rabi! Pimbi alichoka hata kuchoka.

Tena Pimbi alikuwa mfiwa. Masika yaliyopita alimzika mkewe chini ya mkuyu. Marehemu alimngoja maisha yake yote ndege mmoja, wa kijani mwenye tumbo jekundu, na hakujaliwa kumwona. Sasa Pimbi, alipokwenda kuomba dua kaburini, akainua macho. Ndege yuleyule, juu ya kaburi, ameatamia mayai! Pimbi akalia kimyakimya, akarudi jabalini, akanyamaza.

Lakini Kobe alimwona akipangusa machozi.

"Pimbi ameona kitu, anaficha!"

"Aa, shehe mzima!" akasema Nyani. "Dini yako inaruhusu uchoyo? Sema, ndugu yangu. Wapi? Mti gani? Tawi gani?"

Pimbi hakuwa mtu wa kusema uongo. Akavuta pumzi, akasema kweli tupu, ila ya mahali pengine.

"Nimeona kiumbe adimu. Ana madoa mwili mzima. Macho ya manjano. Yumo kwenye pango la mawe meusi, na ana watoto wachanga."

Nyani hakusikia madoa. Hakusikia macho. Alisikia watoto wachanga.

"Nilimwona mimi kwanza!"

"Una hakika, mzee mwenzangu?"

"Kabla hujazaliwa wewe!"

"Basi desturi ni desturi. Tangulia."

Nyani akatangulia. Akaingia pangoni, mkono mbele, mdomo wazi. Kimya. Halafu, ngrrr! Chwaa! Mama Chui hakupenda kuamshwa. Nyani akatoka fyuu, akapita mbele ya wenzake bila salamu, na manyoya ya matakoni yakabaki pangoni mpaka leo.

"Ameruka," akasema Pimbi.

Kobe akauliza, "Ndege gani huyo?" Pimbi akaenda mkuyuni. Mayai yalikuwa yanapasuka, ti, ti, ti.

Funzo, wanangu: ukiona ndege adimu, mtangazie kila mtu, na kwanza yule ambaye tumbo lake linanguruma. Ukiambiwa jambo lolote, sema uliliona wewe kwanza. Hivyo ndivyo watu wanavyoheshimika. Muulizeni Nyani, akiweza kuketi.

Hadithi yangu imetua tawini. Aliyeipenda aiache iatamie, asiyeipenda asiitupie jiwe.

Mola amrehemu mke wa Pimbi, amwonyeshe huko aliko alichokingoja hapa. Amrehemu na wangu. Amina.