Pimbi na Asali ya Wagonjwa

Hapo zamani za kale... Tumsifu, acha kumfinya mwenzako, hadithi ikikupita hapa siirudii! Hapo zamani za kale wanyama walijenga nyumba ya watawa juu mlimani. Wote waliitana ndugu. Wote walivaa kanzu ya kijivu na kamba kiunoni, wakala chungu kimoja. Kanuni ya nyumba ilisema hapa hakuna mkubwa wala mdogo.

Kanuni ilisema, lakini macho yana yake. Mdogo alikuwepo, naye ni Pimbi, yule mnyama wa kwenye mawe asiye na hata mkia. Kanzu yake ilishonwa kwa vipande vilivyobaki kwenye kanzu ya Nyati. Lakini alivyoipenda! Huko nje hakuwa na mama wala shangazi. Hapa ndipo alipoitwa ndugu kwa mara ya kwanza, tena akapewa na ufunguo wa ghala.

Ghalani mlikuwa na mtungi wa asali. Ilikuwa asali ya wagonjwa, mzima haruhusiwi kuigusa. Mara ikaanza kupungua. Nani anaiba? Ah, nani tena! Fisi na Nyati! Nyati anainua mlango kwa pembe, kwichi! Fisi anatumbukiza kichwa mtungini, lamba lamba lamba! Halafu wanapokezana.

Pimbi aliwaona kwa macho yake mwenyewe. Mtasema, sasa kwa nini asiseme? Ngojeni basi, mna haraka ya nini!

Kila Ijumaa asubuhi ndugu wote walikaa duara mbele ya mkuu wao, Baba Korongo, mzee wa miguu mirefu aliyekijua kile kitabu cha kanuni ukurasa kwa ukurasa. Hapo ndipo waliposhtakiana makosa. Ila ili wasilipizane kisasi, kanuni ilisema hivi: ndugu akikushtaki, siku hiyo wewe huwezi kumshtaki yeye. Umewahiwa, umewahiwa! Ruhusa uliyobakiwa nayo ni kuungama makosa yako tu. Na ukishtakiwa kosa lilelile Ijumaa tatu, unavua kanzu, unafungua kamba, unakwenda zako.

Mmeuona mchezo? Ijumaa ya kwanza Pimbi bado anapandisha kanzu asijikwae, Fisi huyooo, keshasimama!

"Baba, namshtaki Pimbi! Amelamba asali ya wagonjwa!"

"Na mimi namshtaki!" Nyati akanguruma. "Kwani mwenye ufunguo ni nani?"

Ijumaa ya pili, vilevile. Pimbi kawahiwa tena!

Ikafika Ijumaa ya tatu. Mlangoni Fisi akamwinamia, mdomo unanata, akamnong'oneza, "Kanzu yako kesho tutadekia jikoni." Kisha akaingia na kushtaki, na Nyati akashtaki. Maskini Pimbi! Alitaka kulia, nami simlaumu.

"Ndugu Pimbi," Baba Korongo akasema kwa huzuni, "hii ni mara ya tatu. Una la kuungama kabla hujavua kanzu?"

"Ninalo, Baba!"

Pimbi akapiga magoti, akajipiga kifua. "Nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana! Kosa langu ni kubwa kuliko kulamba asali. Jana jioni nilitia sumu ya panya mtungini, wala sikumwambia mtu!"

"Su... sumu gani?" Fisi akauliza.

"Ile kali, ndugu yangu. Aliyeilamba, kwanza masikio yanamwasha."

Nyati akaanza kujikuna, kwaru kwaru kwaru!

"Halafu ulimi unakuwa mzito."

"Uwimi?" Fisi akasema, macho yamemtoka. "Uwimi mzito?"

"Halafu tumbo linanguruma."

Grrruuu! Tumbo la nani? La Nyati!

"Na kengele ya adhuhuri ikigongwa..."

"Ikigongwa nini? Sema, wewe!"

"Tunachimba kaburi."

"Mama yangu wee!" Nyati akapiga ukelele. "Dawa! Dawa yake hakuna?"

"Ipo moja tu, maji yaliyooshewa vyombo. Pipa zima. Lakini ndugu zangu, yawahusu nini? Si mmesema aliyelamba ni mimi?"

Wapi! Hata hawakumsikia. Kishindo, tifu tifu tifu, mpaka jikoni! Vichwa vyote viwili ndani ya pipa, gulu gulu gulu!

"Niachie! Wewe ulilamba kidogo!"

"Kidogo? Na wewe uliyeingiza kichwa kizima, je?"

Walipoinua vichwa, ndugu wote walikuwa wamejaa mlangoni, na Baba Korongo mbele yao. Jani la kabichi lilimning'inia Nyati sikioni. Kengele ya adhuhuri ikagongwa, ngaa! Fisi akajilaza chini afe vizuri. Akangoja, akangoja, wapi.

Hapo Pimbi akapiga magoti tena. "Baba, naungama kosa la pili. Nimesema uongo. Mtungini hamkuwa na sumu."

Vicheko vilivyolipuka hapo! Ndugu Sokwe akagaragara sakafuni.

Fisi akaruka juu, maji yanamchuruzika. "Baba! Namshtaki Pimbi kwa uongo!"

"Taratibu, ndugu," Baba Korongo akasema, akifungua kitabu. "Kosa aliloliungama mwenyewe halishtakiwi tena. Lakini mimi nawashtaki ninyi wawili kwa wizi, na kwa kumsingizia ndugu yenu. Vueni kanzu! Shikeni mtungi huu, mkaombe asali kwa nyuki, mzinga kwa mzinga. Ukijaa, rudini mvae."

Kisha akamgeukia Pimbi, na safari hii sauti ilimtetemeka kwa kujizuia kucheka. "Na wewe, uongo ni uongo. Toba utafanya. Kabla hawajauchukua huo mtungi, uoshe ndani."

"Kwa maji, Baba?"

"Maji yamekwisha, si umewanywesha? Osha kwa ulimi."

Pimbi akakunja mikono ya kanzu yake, ile kanzu yake mwenyewe, akazama mtungini, na wanasema alitubu kwa bidii kweli siku hiyo.

Basi wanangu, anayewahi kupiga kelele za mwizi, mnuseni mdomo kwanza.